Jimbo Lililomsimamishia Mdudu Sanamu

Mwanachama akitajiwa Marekani, mara nyingi fikira zake huenda New York kwenye majumba marefu, au California kwenye sinema. Ni wachache wanaoikumbuka Alabama, jimbo la kusini lililo mbali na miji hiyo. Lakini sisi twaona kuwa mkulima wa karafuu ana mengi zaidi ya kujifunza Alabama kuliko New York. Watu wa Alabama, kwa muda wa miaka mia na zaidi, walikuwa katika hali tunayoijua sana: nchi nzima ilisimama juu ya zao moja, zao hilo likauzwa mbali, na bei yake ikapangwa na watu wasiowajua.

Katika mji mdogo wa Enterprise, kusini-mashariki ya jimbo hilo, pana sanamu katikati ya njia. Ni mwanamke aliyeinua mikono yake juu, na mikononi amemshika mdudu. Mdudu huyo ni fukusi wa pamba. Sanamu ilisimamishwa tarehe 11 Desemba, 1919, na mfano wa mdudu ukaongezwa mwaka 1949. Mwaka 1998 wahuni waliiharibu, basi ile ya asili ikahifadhiwa ndani, na iliyopo njiani leo ni mfano wake. Maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya shukrani: wenyeji wanamshukuru fukusi kwa kuwa mjumbe wa neema.

Jambo hili ni la kushangaza. Mdudu aliyekula mali ya watu, akawafilisi wengi, anashukuriwaje? Tumeona yafaa tuwaeleze wanachama kisa chenyewe, pamoja na habari za kazi nyingine zinazoliendesha jimbo hilo hata leo. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, maana sanamu haikusema kweli yote.

NCHI YENYEWE

Alabama iliingia katika dola ya Marekani kama jimbo mwaka 1819. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 135,000, yaani zaidi ya mara hamsini ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walikutwa watu 5,024,279. Mji mkuu ni Montgomery.

Upande wa kaskazini kuna milima na mto mkubwa wa Tennessee. Katikati unapita ukanda wa udongo mweusi wenye rutuba, ambao wenyewe huuita Ukanda Mweusi. Kusini udongo ni wa kichanga, na misonobari ni mingi, mpaka ufike Ghuba ya Meksiko. Hapo ndipo ulipo mji wa Mobile, bandari ya jimbo zima. Mito mikubwa ya katikati huteremka mpaka Mobile, na zamani meli za moshi zilipanda mito hiyo kwenda kuchukua marobota ya pamba shambani.

Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa ya makabila ya asili, kama Creek, Choctaw na Cherokee. Katika miaka ya 1830 walilazimishwa kuhama, wakapelekwa magharibi, na ardhi yao wakapewa wapandaji wa pamba.

PAMBA, WATUMWA NA MERIKANI

Pamba ya Alabama ililimwa na watumwa waliotoka Afrika na watoto wao. Mwaka 1860 jimbo lilikuwa na watu 964,201, na kati yao 435,080 walikuwa watumwa. Sisi watu wa visiwa hivi hatuna haja ya kuelezwa zaidi maana ya hesabu hiyo, kwani karafuu yetu nayo, katika karne hiyo hiyo, ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa.

Yapo mafungamano mengine baina ya pamba ile na visiwa vyetu. Wazee wetu walivaa nguo waliyoiita merikani. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani, hasa Massachusetts, kwa pamba iliyotoka majimbo ya kusini, na Alabama ilikuwa miongoni mwa makubwa ya majimbo hayo. Wafanya biashara wa Salem waliileta Unguja kwa majahazi yao, nao wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Sayyid Said bin Sultan alifanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861, pamba ya kusini ilizuiwa isitoke, na merikani ikaadimika katika soko letu. Basi hata zamani hizo, jambo lililotokea Alabama liliweza kuguswa kwa mkono katika duka la Unguja.

DENI LILIVYOWAFUNGA WATU KWA PAMBA

Vita vilikwisha mwaka 1865, na watumwa wakawa huru. Lakini hawakupewa ardhi. Wenye mashamba walikuwa na ardhi na hawana fedha, na waliotoka utumwani walikuwa na nguvu za mikono na hawana ardhi. Ukazuka mpango wa kulima kwa nusu. Mwenye shamba hutoa ardhi, nyumbu na mbegu, na mlimaji hutoa kazi, kisha hugawana mavuno. Baadaye Wazungu maskini wengi nao waliingia katika mpango huo huo.

Taabu ilikuwa katika miezi ya kungojea mavuno. Mlimaji alihitaji unga, nguo na mbolea, naye hana fedha. Akaenda kukopa kwa mwenye duka, akaweka rehani mavuno ambayo bado hayajaota. Riba ilikuwa kubwa, na aghalabu vitabu vya hesabu aliandika mwenye duka peke yake. Mwisho wa mwaka mlimaji akipeleka pamba yake, mara nyingi aliambiwa kuwa deni bado halijesha. Basi alianza mwaka mwingine akiwa na deni la mwaka uliopita.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo twataka wanachama walishike. Mwenye duka hakukubali rehani ya mahindi wala viazi. Alitaka pamba tu, kwa sababu pamba haiozi, haiibiwi kwa urahisi wala haiwezi kuliwa na mlimaji, na siku zote ina mnunuzi. Kwa hiyo mtu mwenye deni alipanda pamba mpaka mlangoni pa nyumba yake. Mabwana shamba walikuja mwaka baada ya mwaka wakiwashauri watu wapande vitu vingine, na watu wakawasikiliza kwa adabu, kisha wakapanda pamba. Hawakuwa wajinga. Mtu hafuati shauri la bwana shamba ikiwa mdai wake ameamuru vingine.

FUKUSI ANAINGIA

Fukusi wa pamba alitoka Meksiko, akaingia Texas kiasi cha mwaka 1892. Kila mwaka alisogea mashariki, na mwaka 1910 akafika Alabama. Mdudu mwenyewe ni mdogo, urefu wake ni kama milimita sita, na ana mdomo mrefu kama msumari.

Mkulima wa karafuu ataielewa kazi yake mara moja, kwa sababu mali yetu nayo imo katika tumba lisilochanua. Fukusi jike hutoboa tumba la ua la pamba kabla halijafunguka, akataga yai ndani. Funza akitoka hula tumba kwa ndani, na tumba hunyauka na kuanguka chini. Baada ya wiki tatu hivi funza amekwisha kuwa fukusi mzima, naye anaanza kutaga. Katika msimu mmoja huzaliwa vizazi kadha wa kadha. Mti husimama mzuri, majani ni mabichi, lakini pamba hakuna. Na zamani hizo hapakuwa na dawa ya kufaa ya kumwangamiza.

Mwaka 1915 fukusi aliwashika sawasawa watu wa wilaya ya Coffee, ambamo mna mji wa Enterprise. Mavuno yalianguka, na wengi walishindwa kulipa madeni. Wakati huo huo watu weusi wengi wa Alabama walianza kufunga mizigo yao na kwenda kaskazini, Chicago, Detroit na Cleveland, kutafuta kazi za viwanda. Hawakukimbia fukusi peke yake. Walikimbia pia deni, na sheria za ubaguzi zilizowanyima kura na haki.

NJUGU NYASA

Palikuwa na mfanya biashara wa Enterprise aitwaye H. M. Sessions. Alikuwa akiwakopesha wakulima, na fukusi alipokuja akaona kuwa wakulima wakifilisika naye atafilisika. Alikuwa amekwisha kuona njugu nyasa, ndizo karanga, zikilimwa katika majimbo mengine. Alizungumza na mkulima mmoja, C. W. Baston, aliyekuwa na deni, na mwaka 1916 wakapatana: Sessions atatoa mbegu na atayanunua mavuno, na Baston atapanda njugu mahali pa pamba.

Mavuno yalikuwa mazuri, na Baston akalipa deni lake. Majirani walipoona, nao wakataka mbegu. Mwaka 1917 wilaya ya Coffee ilivuna njugu nyingi kuliko wilaya yoyote ya Marekani. Vita Kuu vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta, na mashine zilizokuwa zikikamua mbegu za pamba ziliweza kukamua njugu vile vile. Tena njugu zina faida nyingine: mizizi yake ina vijinundu vyenye vijidudu vinavyorudisha rutuba katika udongo, na udongo ule ulikuwa umechoshwa na pamba. Miaka miwili baadaye ndipo watu wa Enterprise waliposimamisha sanamu yao.

Sasa wanachama na watazame vizuri. Aliyewaokoa watu wa Enterprise ni nani? Fukusi alivunja tu. Yeye aliingia pia katika wilaya nyingine nyingi, na huko hapana sanamu, kwa sababu huko alileta njaa na umaskini tu. Kilichokuwapo Enterprise ni vitu vitatu vilivyokutana: mkopeshaji aliyekubali kukopesha kwa zao jipya, mbegu iliyopatikana kwa wakati wake, na mnunuzi aliyejulikana kabla jembe halijaingia ardhini. Kikikosekana kimoja katika hivyo vitatu, shauri la kupanda zao jingine ni maneno matupu.

PROFESA CARVER NA GARI LA NYUMBU

Haifai kuandika habari za njugu za Alabama bila ya kumtaja George Washington Carver. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, kiasi cha mwaka 1864, akajisomesha kwa shida kubwa, na mwaka 1896 akaja kufundisha ukulima katika skuli ya Tuskegee. Skuli hiyo ya watu weusi ilianzishwa mwaka 1881 chini ya uongozi wa Booker T. Washington.

Carver aliona kuwa mkulima maskini hawezi kuja skuli, basi skuli iende kwake. Mwaka 1906 Tuskegee ilitengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, likajazwa vyombo na mbegu, likazunguka vijijini kuwaonyesha watu kazi kwa macho. Alitoa pia vijitabu vyepesi. Kijitabu chake cha mwaka 1916 juu ya njugu kilieleza namna ya kuzilima na njia 105 za kuzitengeneza kwa chakula. Watu wengi husema kuwa yeye ndiye aliyebuni siagi ya karanga, lakini si kweli, nayo siyo sifa yake. Sifa yake ni kuwa alimwambia mkulima mwenye deni: panda kitu ambacho, bei ikianguka, watoto wako watakila.

Na bei ilianguka kweli. Vita vilipokwisha, mafuta yalishuka, na njugu za bei nafuu kutoka nchi nyingine zikaingia Marekani. Mwaka 1921 Carver alikwenda Washington kusema mbele ya kamati ya Bunge kwa niaba ya wakulima wa njugu, waliotaka ushuru wa kuwalinda. Kwa mtu mweusi wa kusini wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Carver alifariki mwaka 1943.

Hapa ndipo sanamu inaponyamaza. Wakulima wengi wa Alabama waliirudia pamba bei yake ilipopanda, fukusi akiwa yumo. Na mlimaji wa nusu asiyekuwa na ardhi hakuwa na hiari ya kupanda njugu, maana alipanda alichoamrishwa. Katika miaka ya 1930 serikali iliwalipa wenye mashamba wapunguze pamba, na wengi katika wenye mashamba wakapokea fedha na kuwafukuza walimaji. Baadaye trekta na mashine za kuchuma pamba zikamaliza kazi hiyo. Fukusi mwenyewe hakuondolewa katika mashamba ya Alabama mpaka miaka ya 1990, kwa mpango mkubwa ambao wakulima waliuchangia.

Njugu, hata hivyo, zimedumu. Alabama leo ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa njugu nchini Marekani, nyuma ya jirani yake Georgia. Mji wa Dothan una sikukuu yake ya njugu iliyoanza mwaka 1938, na Carver alihutubia siku hiyo ya kwanza.

CHUMA CHA BIRMINGHAM

Alabama haikuwa na mashamba peke yake. Kaskazini ya katikati kuna milima ambamo vitu vitatu vinavyotakiwa kwa kuyeyusha chuma vimelala karibu karibu: mawe yenye chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Mahali hapo njia mbili za reli zilipokutana, mwaka 1871 ulianzishwa mji, ukaitwa Birmingham kwa jina la mji wa chuma wa Uingereza. Ulikua upesi hata watu wakauita Mji wa Kimazingaombwe. Tanuri za Sloss zilianza kazi mwaka 1882, na juu ya mlima wamesimamisha sanamu ya chuma ya Vulcan, mungu wa wahunzi wa Warumi wa kale, iliyotengenezwa kwa maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904.

Lakini utajiri wa Birmingham nao ulikuwa na upande wake wa giza. Wafungwa, na wengi wao watu weusi waliokamatwa kwa makosa madogo, walikodishwa kwa makampuni wakachimba makaa chini ya ardhi. Alabama ilikuwa ya mwisho katika majimbo kuacha kazi hiyo, mwaka 1928.

Birmingham ilidhani kuwa imeepukana na hatari ya zao moja, kumbe chuma kilikuwa pamba yake. Chuma cha kigeni kilipokuja kwa bei nafuu, na mawe ya chuma ya milimani yakawa hayalipi gharama za kuyachimba, matanuri yalizimwa moja baada ya moja. Yale ya Sloss yalizimwa mwaka 1971, na leo ni mahali pa makumbusho. Mwajiri mkubwa wa mji sasa ni chuo kikuu pamoja na hospitali yake. Makaa ya Alabama bado huchimbwa, na mengi hupakiwa Mobile kwenda kuyeyusha chuma cha nchi nyingine.

MTO, ROKETI NA MOTOKAA

Upande wa kaskazini bahati ilitoka kwenye mto. Serikali kuu ilijenga boma kubwa la kuzuia maji mahali paitwapo Muscle Shoals, likamalizika mwaka 1924. Mwaka 1933, katika siku za Rais Roosevelt, likaundwa shirika la serikali la bonde la mto Tennessee. Likajenga maboma mengine, likazuia mafuriko, likatengeneza mbolea, na likapeleka umeme vijijini ambako makampuni hayakuona faida ya kuupeleka.

Karibu na hapo ni mji wa Huntsville. Mwaka 1950 ulikuwa na watu kiasi cha 16,000, na kazi yao ilikuwa pamba na viwanda vya nguo. Mwaka huo jeshi la Marekani lilileta huko mafundi wa roketi wa Kijerumani, mkubwa wao Wernher von Braun, ambao zamani walimtumikia Hitler. Mwaka 1960 kikafunguliwa kituo cha serikali cha safari za anga, na ndicho kilichounda roketi kubwa ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Huntsville ya leo ina watu zaidi ya 200,000, nao ndio mji mkubwa kupita yote Alabama. Ifahamike tu kuwa mlezi wake ni hazina ya serikali kuu, na mwenye mlezi mmoja naye ana zao moja.

Kisha zikaja motokaa. Mwaka 1993 kampuni ya Mercedes-Benz ilichagua kujenga kiwanda karibu na Tuscaloosa, na gari la kwanza likatoka mwaka 1997. Jimbo liliipa kampuni msaada na misamaha ya kodi ya thamani ya zaidi ya dola milioni 250, na watu wakateta sana kuwa ni ghali mno. Lakini baada yake zikafuata Honda mwaka 2001, Hyundai mwaka 2005 mjini Montgomery, na kiwanda cha pamoja cha Mazda na Toyota mwaka 2021 huko Huntsville. Leo motokaa ni miongoni mwa mali kubwa kabisa ambazo Alabama huuza nje. Mobile nako huundwa meli, na tangu mwaka 2015 huunganishwa ndege za Airbus.

KUKU NA MISITU

Mwanachama atauliza: na mkulima je? Mkulima wa Alabama leo, kwa fedha, kwanza ni mfugaji wa kuku. Kuku wa nyama zaidi ya bilioni moja hutoka katika jimbo hilo kila mwaka, na hao pamoja na mayai huleta sehemu kubwa ya mapato ya ukulima. Misitu, hasa ya misonobari, imefunika zaidi ya nusu ya nchi, na mingi ni mali ya watu binafsi. Hutoa mbao na karatasi. Pamba bado ipo, lakini haitawali tena.

Na katika kuku tumeliona tena deni lile lile. Kampuni huleta vifaranga na chakula, na kuku ni mali ya kampuni. Mfugaji hujenga mabanda kwa mkopo mkubwa wa benki, hutoa kazi, naye hulipwa kwa kadiri ya uzito wa kuku. Akifanya vizuri hupata riziki. Kampuni ikikataa kuleta vifaranga, mabanda yatabaki matupu na benki itabaki inadai. Wapo wanaouridhia mpango huo na wapo wanaoulalamikia, lakini hapana anayesema kuwa mfugaji na kampuni wana nguvu sawa.

Na ule Ukanda Mweusi, uliotoa pamba ya kutajirisha jimbo zima? Mpaka leo wilaya zake ni miongoni mwa maskini kabisa Marekani. Roketi zilikwenda kaskazini, motokaa nyingi zilikwenda kando ya njia kuu na miji, na watu walioilima ile ardhi vizazi kwa vizazi bila ya kuimiliki walipata sehemu ndogo. Montgomery, ambako mwaka 1955 watu weusi waligoma kupanda mabasi kwa muda wa mwaka mzima na zaidi mpaka ubaguzi ndani ya mabasi ukavunjwa, ipo pembezoni mwa ukanda huo huo. Haki ya kukaa mahali popote katika basi walipata. Haki ya kupata riziki njema bado wanaitafuta.

YATUHUSU NINI

Sisi hatusemi kuwa mkarafuu ung'olewe. Karafuu bado ni nguzo yetu, na Alabama yenyewe haikuiacha pamba. Lakini sisi nasi tumeonja balaa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Pemba iliyosalimika ndiyo ikawa mama wa karafuu tangu siku hiyo. Tumeona pia maradhi yanayoukausha mti mzima kwa muda mfupi, mwenye shamba akitazama.

Iko tofauti moja kubwa baina yetu na mkulima wa pamba, nayo yatuzidishia hatari. Yeye hupanda na kuvuna katika mwaka mmoja, na akitaka kugeuza, hugeuza msimu ujao. Mkarafuu hungojewa miaka sita, saba na zaidi kabla haujaanza kuzaa. Kwa hiyo sisi hatuwezi kungoja fukusi wetu aje ndipo tutafute njugu zetu. Kazi hiyo hufanywa mikarafuu ikiwa imesimama na bei ikiwa nzuri, wakati ambapo hapana mtu anayetaka kuifikiri.

Basi mwanachama akiletewa shauri la kupanda kitu kingine baina ya mikarafuu yake, ikiwa ni pilipili manga, mdalasini, vanila au matunda, asilikatae wala asilikubali upesi. Na aulize maneno matatu ya Enterprise. Nani atanunua, na je, yuko tayari kusema bei kabla ya kupanda? Mbegu au miche itatoka wapi, na itafika kabla ya mvua? Na nani atakopesha mpaka zao lizae, na ataweka rehani ya nini?

Kisha aongeze swali la nne, ambalo Enterprise hawakuliandika juu ya sanamu yao: faida itamfikia nani? Shamba la karafuu lina mwenyewe, lina mchumaji anayepanda juu ya mti, lina mama anayechambua makonyo usiku na kuanika asubuhi. Ikiwa zao jipya litamnufaisha mmoja na kuwaacha hao wengine, tutakuwa tumejenga Ukanda Mweusi wetu wenyewe.

Mambo haya mtu mmoja hawezi kuyauliza peke yake akasikilizwa. Mkulima mmoja akimwendea mnunuzi huambiwa bei. Wakulima mia wakimwendea pamoja, huulizwa wanataka bei gani. Ndiyo maana kuna chama. Twawaomba wanachama wayajadili maswali haya manne katika mikutano ya matawi kabla ya msimu wa uchumaji kuanza, na majibu yao wayalete kwa katibu wa tawi, kwa maandishi au kwa mdomo.